Aina ya mwani imetoa wastani wa 1.35: jibu kwa mwanafunzi wa Wete

Swali: Assalamu alaykum mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili, kwetu Wete. Kwa ripoti ya chuo nimewahoji wanawake 40 wanaolima mwani katika shehia mbili za Wilaya ya Micheweni. Majibu nimeyaingiza kwenye Excel na kila safu nimeitafutia wastani. Aina ya mwani (1 spinosum, 2 cottonii) imetoa 1.35. Kuridhika na bei (1 mpaka 5) kumetoa 2.6. Mapato ya mwezi yametoa shilingi 148,000, lakini nikiangalia karatasi zangu wengi hawafiki hata 100,000. Msimamizi wangu ameandika pembeni kwa kalamu nyekundu: "Aina ya data?" Hakuongeza neno. Takwimu sikuzisoma vizuri skuli. Naomba unieleze tangu mwanzo, na uniambie kama watu 40 wanatosha.

Jibu: Waalaykumu salaam, mwanangu. Nikutoe wasiwasi kwanza: kazi yako haijaharibika. Majibu ya wale akina mama yapo na yana faida. Kilichotokea ni kwamba umeiachia programu uamuzi ambao ulikuwa wako. Excel ikiona tarakimu inajumlisha na kugawa. Haijui kama tarakimu ile ni kilo, ni umri, ni rai ya mtu, au ni jina tu lililoandikwa kwa namba. Kujua hilo ni kazi ya mtafiti, na ndilo msimamizi wako analolidai. Ukishajua kila safu imebeba data ya namna gani, hesabu inayofaa inajichagua yenyewe.

Tuanze na lile jedwali lako. Kila mwanamke uliyemhoji ni mstari mmoja, na kila jambo ulilomuuliza ni safu moja. Jambo hilo linaitwa kigeu, kwa kuwa hubadilika kutoka mtu mmoja hadi mwengine: huyu ana kamba 50 za kufungia mwani, yule ana 120, huyu ana miaka 27, yule 61. Majibu yaliyoandikwa ndiyo data. Asilimia, wastani na mengine unayoyatoa baada ya kuzihesabu data hizo ndiyo takwimu zako.

Sasa shika safu ya aina ya mwani. Ile 1 na ile 2 umeziweka wewe ili usichoke kuandika. Ungeweza kuweka 7 na 90, au herufi S na C, na hakuna ambacho kingebadilika shambani. Serikali nayo hufanya hivyo hivyo. Katika kazi za sensa na tafiti mikoa yetu mitano ya Zanzibar ina namba zake: Kaskazini Unguja ni 51, Kusini Unguja 52, Mjini Magharibi 53, Kaskazini Pemba 54 na Kusini Pemba 55. Jumlisha 54 na 55 ugawe kwa mbili, utapata 54.5, na jawabu hilo halikufikishi Konde ya kaskazini wala Kengeja ya kusini. Namba za namna hii ni majina, na data zake tunaziita data za majina. Jinsia ni hivyo, shehia, hali ya ndoa, namba ya simu, namba ya kitambulisho. Ruhusa uliyonayo ni kuhesabu wangapi wapo kila upande, kutoa asilimia, na kusema kundi lipi limetajwa zaidi kuliko mengine, ambalo huitwa modi.

Kwa bahati 1.35 yako inafumuka. Kwa kuwa ulitumia 1 na 2 peke yake, ile 0.35 iliyozidi ni sehemu ya waliopewa 2. Asilimia 35 ya watu 40 ni watu 14. Basi wanawake 14 wanalima cottonii na 26 wanalima spinosum, yaani asilimia 35 na 65. Andika hivyo, na modi ni spinosum. Hesabu yenyewe ilikuwa na maana ndani yake, ila namna ulivyoiandika inamwambia msomaji kwamba kuna mwani wa aina ya moja na robo na kitu. Lakini hakikisha jambo moja: je, hakukuwa na mwanamke anayelima aina zote mbili? Kama alikuwepo na ukamlazimisha kwenye 1 au 2, hapo kosa ni la dodoso, na hesabu yoyote utakayofanya haitalitoa. Weka jibu la tatu.

Kuridhika na bei ni jambo jengine. Hapa namba zina mpangilio: 5 ni juu ya 4, na 4 ni juu ya 3. Ni kama karafuu zinapopelekwa kituoni kuuzwa kwa ZSTC, shirika la biashara la serikali: zinapangwa daraja la kwanza, la pili na la tatu, na kila mkulima anajua la kwanza ni bora. Lakini hakuna aliyesema umbali wa ubora kutoka la kwanza hadi la pili ni sawa na kutoka la pili hadi la tatu. Hizi ni data za madaraja. Kiwango cha elimu kimo humu, nafasi za washindi katika resi za ngalawa zimo humu, na vipimo vya rai kama chako, ambavyo asili yake ni kazi ya Rensis Likert wa Marekani ya mwaka 1932, vimo humu pia.

Ubaya wa kukimbilia wastani katika safu hii unauona hivi. Chukulia wanawake 20 wamesema "siridhiki kabisa", ambayo ni 1, na 20 wengine wamesema "naridhika sana", ambayo ni 5. Wastani ni 3, na 3 katika dodoso lako ni "nipo katikati". Hakuna hata mmoja aliyesema yupo katikati! Ripoti itasema watu wa Micheweni hawana la kusema juu ya bei, kumbe wamegawika pande mbili na kila upande una sababu zake. Wapo wataalamu wanaokubali kutafuta wastani wa rai, nao wana hoja zao hasa pale maswali mengi yanapounganishwa kuwa kipimo kimoja. Kwa swali moja peke yake na kwa mtu anayeanza, mimi sikubali. Toa asilimia ya kila jibu. Ukitaka namba moja, wapange wote 40 kutoka aliyeridhika kidogo hadi aliyeridhika sana, kisha tazama jibu la mtu wa 20 na wa 21. Hiyo ndiyo mediani, na nitairudia kwenye mapato.

Kuna aina ya tatu ambayo sijaiona kwenye swali lako, lakini ukipima joto la maji ya bahari utakutana nayo, na kwa mwani joto la maji si jambo dogo, hasa kwa cottonii. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tunaielewa bila taabu. Kutoka saa mbili asubuhi hadi saa nne asubuhi ni saa mbili kamili. Lakini je, saa nne ni mara mbili ya saa mbili? Mtu anayehesabu kuanzia usiku wa manane anaziita nyakati hizo saa 8 na saa 10, na 10 si mara mbili ya 8. Tofauti imebaki ile ile, ila "mara mbili" imepotea, kwa sababu sifuri iliwekwa na watu na kila watu waliiweka pahala pao. Joto la selsiasi ni hivyo hivyo. Nyuzi 30 zinazidi nyuzi 15 kwa nyuzi 15, lakini si joto maradufu, kwa kuwa sifuri ya selsiasi ni pale maji yanapoganda, si pale joto linapokwisha. Miaka ya kalenda nayo imo. Data hizi huitwa za vipindi sawa: unaruhusiwa kutoa, kujumlisha na kutafuta wastani, lakini usiseme "mara mbili" wala "nusu ya".

Aina ya nne ndiyo yenye uhuru wote. Kilo za mwani, shilingi, idadi ya kamba, idadi ya watoto, masafa kutoka nyumbani hadi pwani. Sifuri yake ni sifuri kweli: kilo 0 maana yake hakuna mwani. Aliyevuna kilo 80 amevuna mara mbili ya aliyevuna 40, na sentensi hiyo itabaki kweli hata ukibadilisha kilo kuwa ratili. Hizi ni data za uwiano. Mgawanyo huu wa aina nne ulitolewa na mwanasaikolojia wa Marekani, Stanley Smith Stevens, mwaka 1946, na umepingwa na kuongezwa mengi tangu hapo, lakini kwa anayeanza sijaona mlango bora wa kuingilia.

Utasikia pia watu wakizigawa data mara mbili tu, za sifa na za idadi. Hawapingani na niliyokwambia: majina na madaraja ni za sifa, vipindi sawa na uwiano ni za idadi. Za idadi nazo zina zile za kuhesabu moja moja, kama kamba na watoto, na zile za kupima, kama kilo na masafa, ambapo kati ya 40 na 41 kuna 40.3 na 40.35 na kuendelea kadiri mizani yako inavyoweza kusoma.

Kwenye za kupima nakuomba usimame kidogo, kwani huku kwetu ndiko data nyingi zinakoharibikia. Uliandika kilo za mwani mbichi au mkavu? Mwani ukianikwa unapungua sana, na kama huyu alikutajia mbichi na yule akakutajia mkavu, safu moja ina vitu viwili ndani yake. Na aliyekujibu "polo tatu", polo la ukubwa gani, limeshindiliwa au halikushindiliwa? Wazee wetu waliuza nafaka kwa pishi na kibaba, vibaba vinne pishi moja, na vile ni vipimo vya ujazo, si vya uzito. Pishi ya kitu kizito na pishi ya kitu chepesi hazitoi kilo sawa. Kipimo kiandikwe juu ya kila safu. Kama hukukiandika, piga simu uulize, usikisie.

Umri nao. Ukiuliza "una miaka mingapi?" utaona 30, 35, 40, 45 na 50 zimejaa kuliko 33 au 47. Wanaoshughulika na sensa wanalijua jambo hili na wana njia za kulipima, maana watu hupenda kutaja namba inayoishia na 0 au 5. Uliza mwaka wa kuzaliwa. Bibi asiyeujua muulize alikuwa mkubwa kiasi gani wakati wa Mapinduzi ya Januari 1964, au kama alikuwa hajazaliwa. Utapata umri wa karibu zaidi na ukweli.

Nije kwenye mapato, ambako macho yako yameona sawa na Excel haikuona. Nitatumia namba za kweli za nchi yetu. Sensa ya Agosti 2022 ilihesabu watu 1,889,773 Zanzibar nzima. Kusini Unguja walikuwa 195,873, Kaskazini Unguja 257,290, Kusini Pemba 271,350, Kaskazini Pemba 272,091, na Mjini Magharibi 893,169. Gawa jumla kwa mikoa mitano, utapata wastani wa watu 377,955 kwa mkoa. Sasa utafute mkoa wenye watu wanaokaribia idadi hiyo. Haupo. Mikoa minne kati ya mitano iko chini ya wastani, na ule mmoja umeuacha mbali sana, kwa sababu peke yake una asilimia 47 ya watu wote. Wastani haukukosea kuhesabu. Ila umevutwa na Mjini Magharibi hadi ukafika pahala asipokaa mtu.

Panga mikoa hiyo kutoka mdogo hadi mkubwa uchukue wa katikati: ni Kusini Pemba, watu 271,350. Hiyo ndiyo mediani. Mjini Magharibi ingekuwa na watu milioni mbili, mediani isingetikisika. Anayetaka kujua mkoa wa kawaida wa Zanzibar una watu wangapi, mediani inamjibu vizuri zaidi. Anayetaka kugawa mchele kwa mikoa yote na anajua wastani tu, akizidisha kwa tano anaipata jumla, na hilo mediani haiwezi. Kila moja ina kazi yake.

Jedwali lako la mapato lina Mjini Magharibi yake. Wastani wa 148,000 kwa watu 40 maana yake jumla ni shilingi 5,920,000. Tuseme watatu kati yao ni mawakala wanaowanunulia wenzao kabla ya kuuza kwa kampuni, na kila mmoja anapata 900,000. Ukiwatoa, wale 37 waliobaki wana wastani wa 87,000 tu. Sijui kama ndivyo ilivyo kwenye karatasi zako, lakini zitazame, utakuta kitu cha namna hiyo. Usiwafute watu hao. Ni wakulima halali, na tofauti yao huenda ikawa ndiyo habari kubwa ya ripoti yako. Andika mediani kuwa kipimo kikuu, weka wastani pembeni yake, kisha eleza kwa nini vimeachana. Wala usishangae kukuta sura hii katika kila safu ya fedha utakayoikusanya maishani. Mapato ya watu karibu siku zote huvutwa juu na wachache.

Kitu kimoja hukukitafuta kabisa, nacho ni mtawanyiko. Chukua wanawake watano wa shehia moja waliovuna kilo 48, 50, 50, 51 na 51, na watano wa shehia ya pili waliovuna 10, 20, 40, 80 na 100. Kila kundi lina wastani wa kilo 50. Lakini la kwanza linaishi maisha yanayofanana, na la pili lina mama aliyepata kilo 10 anayehitaji msaada leo. Ukitoa wastani peke yake umemficha. Njia rahisi ni kutaja namba ndogo na kubwa: la kwanza 48 hadi 51, la pili 10 hadi 100. Njia inayotumika zaidi ni mchepuko sanifu. Kwa kila mtu tafuta tofauti yake na wastani, izidishe kwa yenyewe, jumlisha zote, gawa kwa idadi ya watu ukipunguza mmoja, kisha toa kipeuo cha pili. Kundi la kwanza linatoa kilo 1.2 na la pili kilo 38.7. Excel itakufanyia hesabu hiyo mara moja, lakini ifanye kwa mkono walau kwa watu watano ili ujue kilichomo. Kwa safu ya aina ya mwani usiiombe.

Umeuliza kama 40 wanatosha. Kabla ya idadi, mimi nauliza uliwapataje. Wanawake wote wanaolima mwani katika shehia zile mbili ndio kundi zima unalotaka kulisemea. Wale 40 ni sampuli. Sensa hujaribu kumfikia kila mtu, sampuli huchukua baadhi kwa matumaini kwamba wanafanana na waliobaki. Matumaini hayo yana msingi pale tu kila mmoja alipokuwa na nafasi ya kuchaguliwa. Sasa nikuulize: ulikwenda siku gani? Kama ulipita nyumba kwa nyumba wakati wa bamvua, siku ambazo bahari hujaa na kupwa sana, na maji yamepwa, wakulima hasa walikuwa baharini wanafunga na kuvuna. Uliowakuta nyumbani ni wagonjwa, wenye watoto wachanga, wazee, na waliokwisha kuacha kilimo. Na kama ulikaa pwani, uliwakuta wenye nguvu na wenye mashamba ya karibu. Watu 400 waliopatikana hivyo hawatakupa ukweli zaidi kuliko 40. Wingi hautibu upendeleo wa namna ya kuchagua.

Njia safi ni kwenda kwa sheha, ukitanguliza barua ya chuo, ukaomba msaada wa kupata orodha ya wanawake wanaolima. Zipe namba nyumba zao, kisha chagua kwa kura, na anayekosekana mrudie siku za maji mafu, ambapo bahari haipwi sana, badala ya kumchukua jirani yake.

Ukiwapata kwa kura, ndipo idadi inapokuja kusema lake. Kwa sampuli ya 40 kutoka kundi kubwa, asilimia iliyo karibu na nusu inaweza kupotoka kama pointi 15 juu au chini, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95 ambacho watafiti wengi hukitumia. Yaani ukisema nusu wanaridhika, ukweli wa kundi zima unaweza kuwa popote kutoka 35 hadi 65. Kwa 100 inakuwa kama pointi 10, na kwa 400 kama 5. Unaona kwamba kuupunguza upotokaji kwa nusu kunataka watu mara nne. Kwa ripoti ya mwaka wa pili sioni haja ya kukutaka 400. Naona haja ya kukutaka useme wazi.

Kwa hiyo, kama wale 40 hawakupatikana kwa kura, kila sentensi ianze na "miongoni mwa wanawake 40 waliohojiwa", na usiandike "wakulima wa mwani wa Pemba" popote. Bado utakuwa na takwimu za kueleza, ambazo ni kazi halali kabisa. Ulichokikosa ni ruhusa ya kukisia juu ya wasiohojiwa. Anza leo na mstari mmoja juu ya jedwali: juu ya kila safu andika majina, madaraja, vipindi sawa au uwiano, pamoja na kipimo chake. Futa wastani wa safu mbili za mwanzo, weka asilimia. Kwenye mapato weka mediani, wastani, namba ndogo na kubwa. Msimamizi akirudisha tena, niandikie alichosema pamoja na lile dodoso lenyewe, kwani ningependa kuona swali la mapato uliliulizaje: wakulima wa mwani wanauza kwa bamvua, na "mwezi" wa aliyekujibu huenda si ule uliokuwa kichwani mwako.